Nusu ya Kardani Mgongoni

Mama mkwe wangu amekufa mwaka huu kwa uzee, mwezi wa mvua. Shemeji yangu alikuwa ameniomba nisiseme jambo hili maadamu mama yao yu hai, nami nilinyamaza. Sasa sina tena sababu ya kunyamaza. Mimi si mtu wa maneno mengi. Nilimaliza shule ya msingi, nikasoma miaka miwili ya sekondari, kisha nikaingia chini ya motokari, na huko ndiko nilikokaa hadi leo. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Wakati wa vita ya pili ya nchi yetu, pale Butembo, motokari ilikuwa mali yako mchana tu. Jioni askari walipita kwenye viwanja vya watu wakachukua waliyoitaka, wakisema ni kwa kazi ya jeshi. Hairudi, au inarudi mifupa. Motokari haifichiki, kwa hiyo sisi tulificha kardani. Kardani ni lile bomba la chuma linalolala chini ya motokari, linalotoa nguvu kwenye giaboksi na kuipeleka kwenye magurudumu ya nyuma. Ukiliondoa, injini itanguruma kutwa nzima na motokari haitoki mahali pake.

Kaka wa mke wangu alikuwa na jipu ya pick-up, ya magurudumu manne yanayovuta. Alipakia maharagwe na viazi vya Lubero, akashusha chumvi na sabuni. Alilaza motokari kwetu kwa sababu fundi alikuwa mimi. Kila siku saa kumi na moja jioni niliingia chini, nikafungua bulo nane, yaani bolti, nikatoa kardani na kuitia chini ya kitanda chetu. Asubuhi niliirudisha. Mke wangu aliizoea hata akawa anauliza jikoni, kama mtu anayeuliza juu ya mbuzi:

"Kardani imelala?"

"Imelala."

"Bon. Kuja tukule."

Ile jipu ingeweza pia kwenda kwa magurudumu ya mbele peke yake, bila kardani ya nyuma. Kuna mahali pa kufunga kwenye vikombe vya magurudumu ya mbele, kisha unavuta kigingi kimoja kando ya gia. Askari hawakulijua hilo, nasi hatukuwaambia. Ninaliandika hapa mapema kwa sababu mimi nililijua tangu siku ya kwanza.

Baadaye askari walifahamu hila ya kardani, wakaanza kuzitafuta nyumbani mwa watu. Siku walipofika mtaani kwetu ilikuwa mchana, saa tisa hivi. Juma hilo shemeji alikuwa ametoka Manguredjipa, na barabara ya huko inavunja hata mlima. Nilikuwa nimekwisha kutoa kardani ili nitie grisi. Jirani akatuita kwa uzio kwamba wako viwanja viwili tu kutoka kwetu. Kardani nzima ina urefu wa mtoto wa miaka kumi. Haiingii kwenye chungu wala kwenye gunia bila kuonekana.

Lakini kardani ile ina sehemu mbili, na moja inaingia ndani ya nyingine kwa meno, kama mkono unavyoingia katika mkono wa koti. Nikaivuta, ikaachana.

Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa na sheria moja iliyozishinda zote: kabla ya kuachanisha vitu viwili vinavyozunguka, piga alama kwa patasi juu ya vyote viwili, ili urudipo uvikute vinatazamana. Patasi ilikuwa mfukoni mwangu. Sikupiga. Nilisikia mlango wa jirani ukigongwa kwa kitako cha bunduki, nikasahau kazi yangu.

Nusu moja niliisukuma ndani ya shimo la kuivishia ndizi za kasiksi, pombe ya kwetu, chini ya majani. Nusu ya pili mke wangu aliichukua mikononi mwangu, akaifunga kwa kitambaa kikuukuu, akaitupa mgongoni na kukaza kitenge juu yake kama anavyobebwa mtoto. Alikuwa na mimba ya miezi sita. Akatoka mlangoni, akaelekea kwa mama yake.

Walikutana njiani, mimi nikiona toka kwenye uzio. Askari mmoja alimsimamisha. Alikuwa kijana mwenye mdomo.

"Mama, moja mugongoni, moja katika tumbo? Bwana yako hapana pumuzika?"

"Mwambieni ninyi," mke wangu alijibu. "Mimi ananikatalia."

Wakacheka. Yule akanyoosha shingo kutazama mgongoni.

"Mutoto analala muzuri."

"Analala. Amelemea sana huyu. Anafanana na baba yake."

Wakamwacha apite. Alitembea polepole, akipigapiga chuma kile kwa kiganja kama anayebembeleza, hadi akapinda nyuma ya nyumba. Nusu hiyo ililala siku mbili ndani ya maharagwe ya mama mkwe. Tulicheka mambo hayo juma zima. Shemeji aliita chuma kile mpwa wake. Hakikuwa chuma chepesi, na sasa ninajiuliza hata juu ya uzito huo.

Siku ya tatu niliunganisha kardani. Meno yale yanakubali kuingia popote unapoyaelekeza. Chuma hakikuambii kama umekosea. Kila sehemu ina panda ya chuma mwishoni, na katikati ya panda kuna kimsalaba kinachoipa uhuru wa kupinda. Panda hizo mbili lazima zikae sambamba. Zisipokaa hivyo, motokari inakwenda, lakini kila mzunguko unavuta na kuachia, unavuta na kuachia. Kiwandani huweka mishale ya kukuongoza. Mishale ya ile yetu ilikuwa chini ya grisi na udongo wa miaka mingi. Nilikadiria kwa macho, nikafunga, nikajipangusa mikono. Ndani ya mji na kwenye njia mbovu za Lubero hakuna mahali pa kupita arobaini kwa saa, na kwa arobaini haikusema neno.

Majuma sita baadaye mke wangu aliamka na damu. Haikuwa nyingi. Mwuguzi aliyemtazama alimlaza, akamshika tumbo kwa muda mrefu, kisha akanitoa nje.

"Kondo la nyuma limelala chini, kwenye mulango wa mutoto," aliniambia. "Huyu hawezi zaa kwa njia. Lazima wamupasue, na mbele ya uchungu kuanza. Hapa dawa ya kulaza mutu imekwisha. Beni wangali nayo. Na barabarani asirushwerushwe. Umesikia? Asirushwerushwe."

Toka Butembo hadi Beni si mbali. Wakati wa amani unakula asubuhi kwako, unakunywa chai huko. Lakini miezi ile watu walikuwa wakiviziwa njiani, na hakuna motokari iliyothubutu kwenda peke yake. Ulikwenda msafara mara moja kwa juma, siku ya Alhamisi, magari ya askari mbele na nyuma, ya raia katikati. Baada ya Maboya, kabla ya mteremko wa Kabasha, kuna mahali ambapo njia inanyooka na matete yanasimama pande zote mbili. Hapo msafara ulikimbia kwa nguvu zake zote, sabini, themanini, na asiyeweza kuufuata aliachwa. Malori yalibeba watu juu ya magunia. Mgonjwa wa damu hawezi kupanda huko. Ilikuwa jipu ya shemeji au hakuna kitu.

Ijumaa shemeji alitoka nayo kidogo nje ya mji kuijaribu. Alirudi uso umembadilika.

"Shemeki, iko natetemeka."

"Wapi?"

"Ikifika sitini. Mwili yote. Sitini na tano, kioo cha nyuma hakionyeshi tena kitu. Nikiachia, inanyamaza."

Tulikuwa na siku sita.

Mzee wangu alinifundisha hivi: usukani ukitetemeka, tafuta mbele, kiti kikitetemeka, tafuta nyuma au katikati. Usukani wa shemeji ulikuwa umetulia, kiti ndicho kilichotetemeka. Nilihitaji kuisikia mwenyewe, na kwa kuisikia nilihitaji mahali pa kufika sitini bila kufa. Palikuwa na mahali pamoja tu, kiwanja cha ndege, udongo ulioshindiliwa, kilichonyooka. Askari wa mlangoni alikubali kwa sharti moja, naye apande.

"Papa mécano, kenda mbangu," aliniambia huku akikaa, yaani niende mbio. Alikuwa na njaa ya mchezo kama mtoto.

Nilikwenda mbio. Hamsini, kimya. Hamsini na nane, kitu kikaanza chini ya makalio, kama mtu anayesaga mahali pa mbali. Sitini na tano, meno yangu yaligongana. Nikakanyaga klachi, nikatoa gia, nikaiacha ijiendee yenyewe: mtetemo haukuondoka. Basi si injini. Ulikwenda na mwendo wa magurudumu, ukapungua nao.

"Hii motokari yako iko na malaria," askari alisema. Akataka turudie. Tulirudia mara tatu.

Jumamosi nilihamisha mapine. Ya nyuma niliyapeleka mbele, ya mbele nyuma. Kama tatizo ni pine au jante, yaani rimu, iliyopinda, mtetemo unahama nalo, usukani ungeanza kucheza. Nilirudi kiwanjani. Haukuhama. Hapo nilipaswa kuwa nimekwisha kuelewa, maana zilibaki sehemu mbili tu: kardani, au tumbo la nyuma lenye meno ya kugawa nguvu.

Niliingia chini, nikashika kardani kwa mikono miwili, nikaitikisa. Vimsalaba vilikuwa vizima, bila mchezo hata wa unywele. Nikatoka.

"Kardani?" shemeji aliuliza.

"Iko muzuri. Ni mimi niliifunga."

Nilisema hivyo. Nikaongeza kwamba ni mashimo ya Manguredjipa, yamegonga tumbo la nyuma. Shemeji aliinamisha kichwa kwa aibu, kwa sababu safari ya Manguredjipa ilikuwa yake. Nikamwacha aone aibu. Katika juma moja mambo mawili yalikuwa yameipata motokari ile, safari yake na mkono wangu. Nilichagua safari yake, na sikusita.

Jumapili baada ya misa mke wangu aliomba apelekwe ndani ya motokari hadi barabarani, polepole, aone kama ataweza kulala nyuma kwenye godoro. Tulikwenda hadi nje ya mji, shemeji akiendesha, mimi nikiwa nyuma naye. Palipokuwa pazuri shemeji aliongeza mwendo kidogo. Mke wangu aliweka kiganja kwenye sakafu ya chuma, kando ya godoro. Kingine kilikuwa juu ya tumbo.

"Iko hapa," alisema.

"Nini?"

"Ile kitu yenu. Hapana nyuma. Hapa, katikati. Weka mukono."

Niliweka mkono. Nilisikia chuma chote kikitetemeka.

"Iko fasi yote," nilisema.

"Hapa inazidi. Ilianza wakati gani?"

Hilo ndilo swali la kwanza ambalo fundi anapaswa kumwuliza mteja. Mimi sikuwa nimeliuliza.

"Tokea Manguredjipa," nilimjibu.

"Manguredjipa," alirudia, akitazama juu ya turubai. "Ile juma nilibeba mupwa wa yaya."

Yaya kwetu ni kaka mkubwa. Alikuwa akikumbuka tu. Hakunituhumu. Aliweka neno hilo mbele yangu kama mtu anavyoweka sahani mezani, nami sikula.

Jumatatu na Jumanne nilifungua tumbo la nyuma. Nilitoa mafuta, nikatoa ekseli, nikahesabu meno moja moja kwa kidole. Hakukuwa na jino lililovunjika. Mipira ya chuma ilizunguka bila kelele. Nilifunga upya Jumatano, nikiwa sina tena mahali pa kutafuta, na nilifahamu kwamba sikuwa nimepata kitu. Damu ya mke wangu ilikuwa imerudi asubuhi hiyo. Mama yake alikuwa ameketi mlangoni na rozari, akinitazama nikitoka na kuingia chini ya motokari.

"Mwanangu, utaona," aliniambia. "Mikono yako iko na akili."

Na jioni hizo zote, saa kumi na moja, niliendelea kutoa kardani na kuilaza chini ya kitanda alichokuwa amelala mke wangu. Kila jioni ile motokari ilikuwa bila kardani ya nyuma. Ingetosha nifunge vikombe vya mbele, nivute kigingi, niende kiwanjani mara moja. Mtetemo ungekuwa haupo, nami ningejua. Ningehitaji dakika kumi. Haikunijia kichwani hata mara moja, kwa sababu sikuwa nikitafuta kwenye kardani. Nimefanya kazi hii miaka mingi tangu hapo na nimeona mafundi wengine wakifanya vivyo hivyo: mtu anapita mara mia kando ya kitu alichokifunga mwenyewe.

Alhamisi saa mbili asubuhi msafara uliondoka. Mke wangu alilala nyuma juu ya magodoro mawili, mito kila upande, mimi nikimshika mabega. Kabla ya Maboya tulikwenda vizuri, barabara haikuruhusu mtu kukimbia. Kisha matete yakaanza.

Nililiona vumbi la lori la mbele likiondoka. Shemeji akaongeza. Hamsini na tano, sitini. Sakafu ikaanza. Mke wangu alifunga macho.

"Yaya," aliita, "punguza."

"Nikipunguza watatuacha."

"Wacha waende."

Alipunguza. Vumbi likatuacha mita mia, mia mbili. Gari la askari la nyuma likatukaribia, likapiga honi mfululizo. Shemeji akaongeza tena, sitini na tano, sabini, nami nilikuwa nimempakata mke wangu kabisa, mgongo wake kifuani pangu, ili mtetemo upitie kwangu kwanza. Nilimsikia akisema kwa Kinande maneno anayosema mtu kwa mama yake.

Kisha palikuwa na pigo chini yetu. Pigo la pili, la tatu, kama nyundo kwenye sakafu, na shemeji akasimamisha motokari kando, nusu ndani ya matete. Gari la askari lilitupita. Mmoja alitoa kichwa nje.

"Mufuate na miguu," alisema. Sidhani kwamba alikusudia ubaya. Waliogopa kama sisi.

Vumbi liliposhuka palikuwa kimya. Niliingia chini. Kimsalaba cha nyuma kilikuwa kimekatika, na kardani ilikuwa imeshuka ncha moja udongoni. Ilikuwa imelala mbele ya uso wangu, mwangani, grisi imefutwa na mchanga. Niliona panda ya mbele imesimama wima na panda ya nyuma imelala. Niliona pia mshale mmoja, mdogo, umetokeza chini ya uchafu, na mwenzake uko upande wa pili wa bomba, mbali naye.

Nililala pale mgongo chini kwa muda. Sijui muda gani.

"Umeona?" Ilikuwa sauti ya mke wangu, juu ya sakafu, karibu na kichwa changu.

"Nimeona."

"Ni nini?"

"Kimusalaba kimekatika," nilisema. Ilikuwa kweli, na ilikuwa uongo.

"Katikati?"

"Katikati."

"Nilikuambia," alisema, na sauti yake ilikuwa karibu ya furaha.

Ili tuende kwa magurudumu ya mbele nilipaswa kuondoa kardani nzima. Kule mbele bado ilikuwa imefungwa kwa bulo nne. Lakini nilikuwa nimezifungua na kuzifunga kila siku miezi mingi, na vichwa vyake vilikuwa vimeliwa. Mbili zilitoka. Mbili ziligoma, ufunguo wa bulo ukizunguka bila kushika. Nilitoa patasi mfukoni, ile ile, nikaanza kuzikata. Kwa kulala chali huna nguvu ya kupiga, unapiga kwa kiwiko tu. Shemeji alikaa na dada yake. Nilimsikia akimpepea kwa kofia na kumwambia habari za utoto wao, za ng'ombe wa baba yao aliyekuwa akiingia kanisani Lubero.

"Hakuingia," mke wangu alimkatalia. "Alisimama mulangoni."

"Aliingia. Padri alimupa baraka."

"Yaya, wewe muongo."

Baadaye hakujibu tena vichekesho vyake. Shemeji aliinama akanitazama chini ya motokari, akanyoosha vidole vyake nivione. Vilikuwa na damu.

Tulisimama saa nne, tukaondoka saa sita. Hakuna aliyetuvizia. Nimesikia watu wakisema kwamba Mungu alitulinda siku ile, na mimi sijui niwajibu nini. Nilitupa kardani nyuma, nikafunga vikombe vya mbele, shemeji akavuta kigingi. Motokari ikaondoka.

Alikwenda hamsini, akasita, akaongeza. Sitini. Sitini na tano. Sabini. Sakafu ilikuwa tulivu kama sakafu ya nyumba. Kioo cha nyuma kilionyesha barabara nzima iliyotulia nyuma yetu. Shemeji aligeuza kichwa.

"Imeacha."

Nikasema ndiyo, imeacha.

Mke wangu alifungua macho. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi. Alitafuta sakafu kwa kiganja, akakiweka palepale alipokiweka Jumapili.

"Inalala," alisema. "Wasingya." Ndiyo asante ya kwetu. Sikujua kama anamshukuru kaka yake, au mimi, au motokari.

Beni walimpokea saa saba na nusu. Walimpasua. Mtoto alikuwa msichana, na alikuwa amekwisha kufa. Mke wangu aliishi hadi siku ya pili, mchana. Aliamka mara moja, akaniuliza kama nimekula. Daktari alizungumza na shemeji barandani, si na mimi. Labda aliniona nilivyokuwa. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango, nikasikia. Alisema damu ilikuwa imekwisha kutoka nyingi mno, na kama tungemfikisha masaa mawili mapema zaidi angekuwa na tumaini. Alisema vita ni mbaya. Shemeji alimwambia ndiyo, ni mbaya.

Tuliwarudisha nyumbani kwa jipu ileile, katika msafara, kwa magurudumu ya mbele. Kwetu mtu hazikwi ugenini kama kuna njia yoyote ya kumrudisha. Motokari haikumtikisa hata kidogo.

Matanga yalijaa watu. Wote walisema vita imemwua, na mama mkwe alisema hivyo pia, akinishika mkono, akiniita mwanangu. Alisimulia wageni jinsi binti yake alivyopita mbele ya askari na chuma mgongoni. Watu walicheka na kulia pamoja. Mimi nilikaa kwenye kona nikitazama mikono yangu.

Baada ya siku za matanga shemeji alikuja asubuhi moja na kimsalaba kipya alichokitafuta mjini. Aliketi kwenye kigoda akanitazama nikifanya kazi. Nilisafisha kardani kwa petroli hadi ikang'aa. Niliivuta, ikaachana. Niligeuza sehemu moja taratibu, hadi mshale ukatazama mshale, panda sambamba na panda, nikaisukuma ndani.

Shemeji alisogeza kigoda karibu.

"Ilipaswa ikae hivi?"

"Ndiyo."

"Kabla ya leo haikukaa hivi."

"Hapana."

"Tokea ile siku ya upekuzi?"

"Tokea ile siku. Manguredjipa haikuhusika. Nilikudanganya, na mimi mwenyewe nilijidanganya."

Hakusimama, na hakuinua sauti. Kuku walikuwa wakichakura kwenye shimo la ndizi. Aliokota kipande cha kitambaa nilichofutia grisi, akafuta vidole vyake ambavyo havikuwa na kitu.

"Alijua?" aliuliza.

"Aliniambia ni katikati. Sikumwambia ni mimi."

Alikiweka kitambaa chini. Kisha aliinama kwenye sanduku langu, akatoa nyundo, akatoa patasi ambayo ncha yake ilikuwa imeharibika kwa kukata bulo, akaniwekea vyote mkononi.

"Mama asijue," alisema. "Piga alama."

Nilipiga, moja kila upande. Alama ya pili ilikwenda upande kidogo. Iko hivyo hadi leo.